Wasomaji Wanauliza: Chafya za Alfajiri na Utitiri wa Kitandani

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo lile lile: pua, kitanda na vumbi. Tumezikusanya pamoja. Zilizofanana tumezijibu kwa mkupuo mmoja.

Kila nikiamka napiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo. Pua inachuruzika maji, kaakaa na macho vinawasha. Ikifika saa nne asubuhi niko mzima kabisa, na kesho yake yanaanza upya. Daktari alisema ni mzio wa vumbi. Nyumba yangu naifagia kila siku, sasa vumbi gani hilo?

Ndugu yetu, ulivyoeleza inafanana na mzio kweli. Mafua ya virusi huja na uchovu, pengine na homa, kamasi huwa zito, na ndani ya siku 7 hadi 10 yamekwisha. Mzio hauna homa, kamasi lake ni jepesi kama maji, unawasha, na unafuata saa na mahali. Wako unafuata kitanda.

Vumbi la chumbani si udongo wa njiani tu. Limejaa nyuzi za nguo, chembe za kuvu na magamba ya ngozi yetu wenyewe. Mtu mzima hupukutisha kati ya nusu gramu na gramu moja na nusu ya ngozi kila siku, na sehemu kubwa huishia alipolala. Magamba hayo ndiyo chakula cha utitiri wa vumbi. Kwa Kiswahili tunamwita mdudu, kwa kuwa kila kidogo kitambaacho kwetu ni mdudu, lakini kwa nasaba yake ni jamaa wa kupe na buibui: akikomaa ana miguu 8. Urefu wake ni milimita 0.3 hivi, kwa hiyo watatu wakipangwa mkia kwa kichwa hawafiki milimita moja. Mwili ni mweupe wa maziwa, unapitisha mwanga, hauna macho wala mapafu. Hewa hupenya kwenye ngozi. Hata ukikodoa macho juu ya shuka nyeusi hutamwona.

Ila anayekusumbua si yeye hasa. Ni choo chake. Chakula kikishapita tumboni, mabaki hufungwa ndani ya utando mwembamba yakawa kidonge cha mviringo chenye upana wa maikromita 20 hivi, yaani sehemu moja ya hamsini ya milimita. Utitiri mmoja hutoa vidonge kama 20 kwa siku. Ndani ya kila kidonge mna vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula, na mashuhuri kati yake ni protini iitwayo Der p 1. Kidonge kikitua kwenye utelezi wa pua huyeyuka, na kimeng'enya kile hakijui kwamba kimehama tumbo: kinaendelea na kazi yake ya kukata protini, safari hii zile zinazoshikamanisha seli za utando wa pua yako. Njia ikishafunguka, protini huingia ndani. Mwenye mzio tayari ana kingamwili za aina ya IgE zilizojibandika kwenye seli zenye vifuko vya histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, chafya na uvimbe. Zikikutana na Der p 1, vifuko hupasuka, nawe unaanza kuhesabu chafya.

Ndiyo sababu ni asubuhi. Usiku kucha pua imelala kwenye mto. Ukigeuka, ukikung'uta shuka, vidonge hurushwa hewani, na kwa kuwa ni vizito hutua tena ndani ya nusu saa hivi. Ukishaondoka chumbani, pua inapumzika. Kufagia hakujasaidia kwa sababu ufagio mkavu unavirusha tu upya. Tumia kitambaa chenye maji.

Miaka ya 1920 madaktari walikwishajua kuwa vumbi la nyumba huleta pumu, lakini hawakujua ndani yake kuna nini. Jibu lilipatikana miaka ya 1960 huko Leiden, Uholanzi, wakati kundi la Reindert Voorhorst lilipoonyesha kuwa chanzo kikuu ni utitiri wa jenasi *Dermatophagoides*. Jina hilo la Kigiriki maana yake ni mla ngozi.

Mwanangu ana vipele vyekundu miguuni, vitatu vitatu kwenye mstari. Ni utitiri huo?

Hapana, mama. Utitiri wa vumbi hauumi na haunyonyi damu. Vipele vya kujipanga mstari vinaelekea zaidi kunguni au viroboto. Kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda, utafute madoa meusi na maganda. Kama mwasho unazidi usiku na uko katikati ya vidole, viganjani au kwapani, huenda ni upele, unaoletwa na utitiri mwingine unaochimba ngozi. Huo hutibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja. Kitu pekee ambacho utitiri wa vumbi hufanya kwenye ngozi ni kuchochea ukurutu kwa mtoto ambaye tayari anao.

Kwa nini wakati wa unyevunyevu hali yangu huwa mbaya zaidi? Na je, kufungua madirisha kunasaidia?

Kwa sababu utitiri haunywi maji, unayavuta hewani. Kwenye mashina ya miguu yake ya mbele kuna tezi zinazotoa majimaji ya chumvi. Chumvi hiyo, kama ile ya jikoni inayolowa kwenye kikopo, hunasa unyevu wa hewa, na matone hutiririka kwenye kijifereji hadi mdomoni. Mfumo huu hufanya kazi hewa ikiwa na unyevu wa kutosha. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 50, chumvi huganda na kuziba tundu la tezi. Hapo mdudu hujikunja na kungoja. Akikosa unyevu kwa siku nyingi mfululizo hukauka na kufa. Akipata saa chache za unyevu kila siku anasukuma maisha. Na saa hizo tunampa sisi wenyewe kwa jasho na joto la mwili.

Kwenye nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 75 hivi, yai huwa mdudu mzima kwa takribani mwezi mmoja, naye huishi miezi miwili au mitatu mingine, jike akitaga makumi ya mayai. Basi msimu wa unyevu unapofika idadi hupanda, na hata wakifa baadaye vinyesi hubaki. Ndiyo maana wengine huumwa zaidi wiki kadhaa baada ya msimu wenyewe kupita.

Kuhusu madirisha: yanasaidia kama hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Kama nje ni unyevu asilimia 80, unakaribisha maji. Nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka kando ya kitanda, ukisome asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya kuamua lolote. Lengo ni kuwa chini ya asilimia 50 sehemu kubwa ya siku. Kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa vinaweza kukufikisha hapo. Usianike nguo mbichi chumbani. Acha kitanda wazi saa moja au mbili kabla ya kukitandika, jasho likauke. Lakini kwenye maeneo yenye joto na unyevu mwaka mzima vita hivi huvishindi kwa madirisha. Weka nguvu zako kwenye jibu linalofuata.

Naomba hatua, si nadharia. Nianzie wapi, nikiwa sina fedha za kubadilisha kila kitu?

Anza na mto. Ndio uliogusana na pua. Kisha godoro, kisha shuka na blanketi, na zulia la chumbani mwishoni. Wengi hufanya kinyume: hununua mashine ya zulia, mto wa miaka minane umebaki palepale.

*Mto na godoro.* Unatafuta mfuko wa zipu unaofunika pande zote 6, uliofumwa kwa nyuzi zilizobanana, matundu yake yasizidi maikromita 10. Ukipata wa maikromita 6 au chini ni bora zaidi. Kile kifuniko chenye mpira pembeni kinacholala juu ya godoro hakizuii kitu, kwa sababu utitiri hupita pembeni na chini. Mfuko wa plastiki unazuia, lakini utalala unatoka jasho na kusikia mchakacho, na baada ya wiki mbili utauvua. Kabla ya kuvisha, anika godoro juani kutwa, pande zote mbili, ulifyonze vumbi, liwe kavu kabisa. Ukifungia unyevu ndani unaotesha kuvu. Vuta zipu hadi mwisho kisha bandika utepe juu ya meno yake, maana hapo ndipo panapovuja. Mfuko wenyewe haufuliwi kila wiki: ufute kwa kitambaa kibichi unapobadilisha shuka. Ukichanika, shona na ubandike utepe, au ubadilishe.

Watu huuliza kama mto wa manyoya ni mbaya kuliko wa sponji au nyuzi za viwandani. Vipimo vimeonyesha mara kadhaa kinyume chake, kwa kuwa ganda la mto wa manyoya hufumwa kwa kubana ili manyoya yasitoke, na likizuia manyoya kutoka, linazuia utitiri kuingia.

*Shuka, foronya, chandarua.* Kila wiki, kwenye maji ya nyuzi 60. Chini ya 55 wengi hawafi. Wana vikanyagio vya kunata miguuni na hung'ang'ania uzi. Hata hivyo maji baridi hayana hasara: huyeyusha na kuondoa sehemu kubwa ya vinyesi, ila mbegu ya utitiri inabaki.

Anayefua kwa mikono afanye hivi. Weka nguo kavu kwenye ndoo imara, nje ya njia ya watoto. Mimina vipimo 3 vya maji yanayochemka kwenye vipimo 2 vya maji ya kawaida. Mchanganyiko unakuwa kwenye nyuzi 68 hivi. Mwaga juu ya nguo, zamisha kwa fimbo, funika. Ndoo na nguo vikishavuta joto lake, maji yanabaki karibu na 60. Ngoja dakika 20, kisha ongeza maji baridi, fua kwa sabuni na suuza mara mbili. Kosa la kawaida ni kutumia maji yanayovumilika mkononi: mkono hustahimili nyuzi 45 au zaidi kidogo, na hayo kwa utitiri ni maji ya kuoga. Kosa la pili ni kuchanganya shuka za rangi na nyeupe kwenye maji hayo.

*Visivyostahimili moto.* Wanasesere wa manyoya, blanketi za sufu: funga kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friza ya nyuzi −18 kwa siku 2. Saa 24 hutosha kwa kitu chembamba, lakini mwanasesere mnene huchelewa kupoa katikati. Ukimtoa, mfue hata kwa maji baridi. Friza imeua tu. Vinyesi bado vimo.

*Jua.* Ni zuri na ni bure, ila lisisifiwe kupita kiasi. Kitu chembamba, kama shuka au mkeka wa kitambaa, kikipata jua kali saa kadhaa kinakauka kabisa na wadudu hufa. Godoro nene hupata moto juu tu, nao hushuka ndani na kusubiri jioni. Ukilipiga fimbo, asilipige mwenye mzio, na liwe nje, mbali na mlango.

*Zulia.* Kama linaweza kutoka chumbani, litoke. Sakafu tupu inayofutwa kwa maji haina makazi. Kama haliwezi, fyonza vumbi mara mbili kwa wiki kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachokamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Mashine yenye mfuko wa kawaida huvuta mbele na kutema nyuma. Na ujue kwamba hata mashine bora inachukua vinyesi na maganda. Wadudu hai wameshikilia nyuzi. Mwenye mzio asiwe chumbani kwa nusu saa baada ya kazi hiyo.

Tusikufiche jambo moja. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima zaidi ya 1,000 wenye pumu: kufunika magodoro na mito peke yake hakukuwaletea nafuu. Mipango iliyofanikiwa ni ile iliyounganisha mfuko, maji moto, zulia kutoka na dawa kutumika ipasavyo. Kwa maoni yetu, ukifanya nusu ya haya, ni afadhali fedha zako ukanunulie dawa. Na ukifanya yote, jipe miezi 3 kabla ya kuhukumu. Angalia pia mtoto analala wapi hasa: tumepokea barua za wazazi waliofunika kitanda cha mtoto vizuri sana, na mtoto mwenyewe hulala kwa bibi yake.

Nimenunua mashine ya kusafisha hewa, sioni tofauti. Sasa nafikiria dawa ya kupuliza.

Mashine imeshindwa kwa sababu inasafisha hewa, na vinyesi vya utitiri havikai hewani. Ingekusaidia zaidi kwa chembe za paka, ambazo huelea kwa saa nyingi. Dawa zenye benzili benzoeti huua utitiri kwenye zulia, lakini maiti na vinyesi vinabaki vilevile. Asidi ya taniki huharibu protini yenyewe kwa muda, kisha mpya hujaa. Dawa ya mbu usiipulize kitandani kabisa: mwenye pumu inaweza kumbana kifua kabla haijamuua mdudu hata mmoja. Mvuke wa moto unaua, ila ukikosa kukausha umewaachia waliobaki maji.

Ni kweli godoro huongezeka uzito maradufu kwa miaka 10 kwa sababu ya wadudu hawa?

Si kweli. Utitiri mmoja una uzito wa maikrogramu chache. Hata wakiwa milioni moja hawazidi gramu chache.

Kipimo kinafanywaje, na nikithibitika, tiba ni ipi?

Kipimo cha ngozi huanza kwa matone kwenye mkono, upande wa ndani: moja la dondoo ya kila aina ya utitiri, moja la histamini na moja la maji ya chumvi. Kila tone huchomwa kidogo kwa ncha, bila kutoa damu, kisha husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa chanya. Histamini isipovimba, kipimo hakifai. Mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa alimeza dawa ya mzio. Hizo huachwa siku 3 hadi 7 kabla, kadiri ya aina, lakini dawa ya kuvuta ya pumu usiiache. Wenye ukurutu mwili mzima hupimwa damu.

Anayeishi kwenye joto na unyevu aulize kama kipimo kina dondoo ya utitiri wa aina ya *Blomia tropicalis* pamoja na zile za *Dermatophagoides pteronyssinus* na *farinae*. Protini za *Blomia* zinatofautiana vya kutosha, na kipimo chenye zile mbili tu kinaweza kusema huna mzio hali unao. Na chanya peke yake si ugonjwa: wapo wenye uvimbe mkubwa kwenye mkono ambao hawajawahi kupiga chafya ya vumbi.

Tiba ya pua iliyo bora ni dawa ya kupuliza yenye steroidi, kila siku. Isipotumika vizuri hutukanwa bure. Safisha pua kwa maji ya chumvi kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na kinyume chake, elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, puliza huku ukivuta pumzi kwa upole. Ukivuta kwa nguvu inaishia kooni. Ukielekeza katikati, pua hutoka damu. Nafuu kamili huchukua hadi wiki 2, na wengi huacha siku ya nne. Vidonge vya mzio hutuliza chafya na mwasho upesi, ila haviwezi sana pua iliyoziba. Chagua visivyoleta usingizi.

Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili, kwa sindano au kidonge cha chini ya ulimi chenye dondoo ya utitiri, kwa angalau miaka 3. Haianzishwi kwa mwenye pumu isiyotulia, na dozi ya kwanza hutolewa mbele ya mtaalamu. Anayekohoa usiku, anayesikia filimbi kifuani au kukosa pumzi asiridhike na dawa ya pua, akapimwe pumu.

Shikamooni. Mume wangu ana mzio wa vumbi. Juzi alikula mkate wa sufuria niliopika kwa unga uliokuwa kabatini muda mrefu, dakika 20 baadaye macho yakavimba na kifua kikabana. Unga huohuo mpya hajawahi kudhurika nao. Anakula ngano kila siku. Inawezekana?

Marahaba. Inawezekana. Utitiri huingia kwenye unga uliofunguliwa na kukaa kwenye joto na unyevu, wakazaliana humo kwa maelfu. Baadhi ya protini zao hazivunjiki kwa moto wa kupikia, kwa hiyo kuiva hakumlindi mtu. Hali hii huwapata hasa wenye mzio wa utitiri, na wengi wao huwa hawapatani na aspirini na jamii yake; mwambieni daktari kama naye ndivyo. Pia wapo ambao mwili wao huchanganya protini ya utitiri na ya kamba wa baharini, maana wote wawili wana protini ya misuli iitwayo tropomiosini, inayofanana. Akiwashwa mdomo baada ya kula kamba, alitaje nalo.

Kilichompata kilikuwa cha hatari. Kikirudi, dawa ya kwanza ni adrenalini, na mahali pa kwenda ni hospitali. Kidonge cha mzio hakitoshi. Unga ule usiutupe wote: weka vijiko viwili kwenye chupa iliyofungwa, kwenye friji, apelekewe daktari, kwani huweza kutazamwa kwa hadubini. Unga mpya uhamishie kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukiweke kwenye friji, na uandike tarehe ya kufunguliwa kwenye kifuniko. Mfuko wa karatasi uliokunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio si chombo kilichofungwa.